Kurudisha Gari la Zamani Barabarani Baada ya Matengenezo Makubwa

Utangulizi

Katika Milima ya Usambara yapo magari ambayo umri wake unazidi umri wa madereva wake. Land Rover ilioneshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, na toleo la tatu la muundo ule wa awali liliacha kutengenezwa mwaka 1985. Maana yake ni kwamba hata gari changa kuliko yote katika kundi hilo limefikia takriban miaka 40. Hata hivyo magari haya bado yanathaminiwa, na tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha mwezi Oktoba 2024 lilikuwa ushahidi wa wazi wa jambo hilo.

Thamani hiyo humfanya mwenye gari akubali kutumia fedha nyingi kufumua injini na kuifunga upya, kubadilisha mfumo wa breki au kuchomelea chasisi iliyoliwa na kutu. Somo hili halifundishi namna ya kufanya matengenezo hayo; hiyo ni kazi ya fundi. Linahusu kipindi kifupi kinachofuata, yaani tangu fundi anaposema kwamba gari liko tayari hadi gari hilo linapoaminiwa kubeba watu na mizigo. Katika kipindi hicho mlaji anaweza kupoteza fedha zake, na pengine maisha yake, kwa kudhani kwamba injini kuwaka ni sawa na gari kupona.

Baada ya kulisoma somo hili, unatarajiwa uweze:

1. kupokea gari kutoka gereji kwa utaratibu unaolinda haki yako;
2. kusimamia majaribio ya gari hatua kwa hatua, kwa kuzingatia miteremko ya Lushoto;
3. kuhakikisha kuwa nyaraka za gari zinalingana na gari lenyewe;
4. kudai marekebisho pale kazi inapokuwa na kasoro.

Makubaliano ndiyo msingi wa madai

Matengenezo makubwa huanza kwa bei moja na kumalizika kwa nyingine, kwa sababu injini iliyofunguliwa huonesha maradhi ambayo hayakuonekana kwa nje. Hilo si kosa la fundi. Kosa ni kuendelea na kazi bila mwenye gari kuarifiwa na kukubali. Kwa hiyo makubaliano yaandikwe, hata kama ni katika ukurasa mmoja wa daftari. Yaeleze kazi itakayofanyika, nani atanunua vipuri, bei ya ufundi, kiwango cha nyongeza kinachohitaji idhini mpya, muda wa kumaliza kazi, na sehemu ya malipo itakayobaki hadi majaribio yakamilike.

Kipengele hicho cha mwisho kina uzito wa pekee. Sheria ya Mikataba inampa fundi haki ya kulizuia gari hadi alipwe ujira wa kazi aliyoifanya, isipokuwa kama mmekubaliana vinginevyo. Mlaji anayetaka kubakiza sehemu ya malipo hadi gari lijaribiwe hana budi kukubaliana na fundi mapema, wala asingoje siku ya kukabidhiwa ufunguo. Kwa upande mwingine, sheria hiyo hiyo inamtaka aliyekabidhiwa mali ya mtu aitunze kwa uangalifu wa kawaida. Gari lililolazwa gereji kwa miezi kadhaa si dampo la vipuri vya kufungia magari mengine.

Siku ya kukabidhiwa gari

Tutazame mfano uliotungwa kwa ajili ya somo hili. Mwalimu mstaafu wa Soni ana Land Rover fupi aliyoirithi. Injini imefumuliwa na breki zote zimetengenezwa upya. Anafika gereji kuchukua gari lake.

"Shikamoo, mwalimu. Gari limepona. Sikiliza mlio wake."

"Marahaba, fundi. Mlio nausikia, na ni mzuri. Sasa naomba vile vipuri vya zamani, pamoja na risiti za hivi vipya."

Vipuri vingine vimekwisha kutupwa, lakini risiti zipo. Mwalimu anazisoma moja baada ya nyingine. Breki za Land Rover fupi ya aina yake hutumia silinda nne za magurudumu, moja kwa kila gurudumu. Risiti inaonesha silinda tatu. Anauliza ya nne imetoka wapi. Fundi, ambaye hakukusudia hila yoyote, anakumbuka kwamba dukani zilikuwapo tatu tu, na kwamba ile ya gurudumu la nyuma kushoto aliisafisha na kuirudisha, akinuia kuibadilisha baadaye. Kazi zikamzidi, akasahau.

Mwalimu si fundi, wala hakuhitaji kuwa fundi. Alihitaji kuhesabu tu. Huo ndio ukaguzi wa kwanza ulio ndani ya uwezo wa kila mlaji: kulinganisha kazi iliyoahidiwa, vipuri vilivyonunuliwa na vipuri vilivyotolewa. Kwa sababu hiyo makubaliano yataje kwamba vipuri vya zamani ni mali yako na utarudishiwa. Dai pia risiti halali ya kila duka, kwani bila risiti ni vigumu kumrudia muuzaji ikidhihirika kwamba kipuri ni bandia.

Yapo maswali mengine matatu ambayo mwenye gari la zamani anapaswa kuuliza kabla ya kuondoka gereji.

*Je, siti za valvu ni za chuma kigumu?* Injini nyingi za zamani zilibuniwa wakati petroli ilikuwa na madini ya risasi, ambayo yalisaidia kuzikinga siti za valvu zisiliwe. Petroli ya aina hiyo iliondolewa katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006. Silinda hedi inapofunguliwa, huo ndio wakati mwafaka wa kuweka siti ngumu. Kuifungua tena baadaye ni gharama mara mbili.

*Je, betri imeunganishwa kwa mtindo gani?* Baadhi ya magari ya Uingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, Land Rover zikiwamo, yalitoka kiwandani ncha chanya ya betri ikiwa imeunganishwa na bodi, kinyume cha magari ya leo. Fundi akibadilisha mfumo huo aandike hivyo, maana atakayefunga redio au altaneta bila kujua anaweza kuiunguza papo hapo.

*Je, namba ya injini ni ile ile?* Ikiwa injini nzima au bloku imebadilishwa, namba iliyomo katika kadi ya gari haitalingana na gari lenyewe. Tutalirejea jambo hili.

Breki kwanza, mwendo baadaye

Barabara ya kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto ina urefu wa takriban kilomita 33. Mombo ipo chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Mji wa Lushoto upo karibu mita 1,400. Hivyo gari linaloshuka kutoka Lushoto hupoteza kimo cha karibu mita 900 ndani ya safari moja fupi, likipita kona kali, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili.

Kimo hicho hakipotei bure. Hugeuka kuwa joto. Gari lenye uzito wa tani moja na nusu likishuka mita 900, nguvu inayopaswa kuzuiwa inalingana na joto la kuchemsha karibu lita 40 za maji. Sehemu ya nguvu hiyo humezwa na injini, matairi na upepo. Dereva akishuka kwa gia huru ili kuokoa mafuta, sehemu kubwa mno huangukia breki.

Land Rover nyingi za zamani zina breki za ngoma katika magurudumu yote manne, na nyingi kati yake zina mzunguko mmoja tu wa mafuta ya breki. Bomba moja likipasuka, au silinda moja ikivuja, breki za magurudumu yote hupotea kwa pamoja. Ndiyo maana ile silinda ya nne ya mwalimu wetu haikuwa jambo dogo.

Mafuta ya breki nayo yana tabia inayopaswa kujulikana: hunyonya unyevu wa hewani. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya unyevu, kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 155. Mafuta yakichemka ndani ya bomba hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Pedali huzama hadi sakafuni wakati gari linapohitaji kusimama. Hakikisha mafuta yote ya breki yamebadilishwa, kwa chupa iliyofunguliwa siku ile ile. Usikubali mabaki ya chupa iliyokaa wazi rafuni.

Handibreki ya Land Rover hizo pia haifanani na ya magari mengine. Haishiki magurudumu, hushika shafti inayotoka kwenye gia boksi. Ni ya kulizuia gari lililokwisha kusimama. Kuivuta gari likiwa katika mwendo kunaweza kuharibu shafti na gia, hivyo isihesabiwe kuwa breki ya akiba mlimani.

Majaribio hatua kwa hatua

Gari lililotengenezwa Korogwe au Tanga lina bahati ya kujaribiwa tambarare kwanza, kisha kupandishwa mlimani likiwa limethibitika. Lililotengenezwa Lushoto halina nafasi hiyo: ili lifike tambarare ni lazima kwanza literemke. Wapo wanaolipandisha kidogo kuelekea Magamba au Irente, wakafurahia nguvu ya injini, kisha wakaondoka kwenda Mombo siku hiyo hiyo. Kupanda hupima injini. Breki hupimwa kwa kushuka. Tunashauri utaratibu ufuatao.

*Hatua ya kwanza: gari likiwa limesimama.* Kanyaga pedali ya breki kwa nguvu na uishikilie kwa dakika moja. Ikizama polepole, kuna uvujaji au masta silinda ina hitilafu. Angalia chini ya gari na upande wa ndani wa kila gurudumu kama kuna unyevu. Zungusha usukani kulia na kushoto huku mtu mwingine akitazama maungio yake.

*Hatua ya pili: mwendo wa mtu anayetembea.* Fanya jaribio hili ndani ya uwanja wa gereji au mahali palipo wazi. Simamisha gari mara kadhaa. Likivuta upande mmoja, breki hazijalingana. Breki shuu mpya huhitaji kusuguana na ngoma zake kwa muda kabla hazijashika sawasawa, na baada ya hapo huhitaji kurekebishwa tena.

*Hatua ya tatu: safari fupi zisizo na mzigo.* Zunguka katika barabara za mji zenye miinuko midogo, kwa jumla ya kilomita 50 hivi, kwa siku kadhaa. Kaza upya nati za magurudumu baada ya safari hizo, kwani nati za gurudumu lililofunguliwa huweza kulegea.

*Hatua ya nne: mteremko.* Chagua siku kavu na saa za mchana. Usibebe abiria wala mzigo. Gari jingine lifuate nyuma. Tumia gia ya chini, ile ambayo ungeihitaji kupanda mahali hapo hapo, na uiingize kabla mteremko haujaanza. Simama mara ya kwanza baada ya kilomita chache, kisha Soni, ambako ndiko unakoanza mteremko mkali wa kuelekea Mombo. Kila unaposimama, sogeza kiganja karibu na kila ngoma bila kuigusa. Magurudumu ya mbele yalingane joto, na ya nyuma vivyo hivyo. Gurudumu lenye moto kupita mwenziwe lina breki inayokwama au beringi iliyobanwa. Lililo baridi halifanyi kazi yake. Ukiona mojawapo ya dalili hizo, safari iishie Soni.

Matairi nayo yasisahauliwe. Gari lililokaa gereji miaka miwili huweza kuwa na matairi yenye kashata nzuri lakini mpira uliokakamaa. Tafuta tarakimu nne ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa alama ya DOT: 2319, kwa mfano, humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Injini iliyofungwa upya

Ringi na kuta za silinda mpya huzoeana kwa kutumika. Katika kilomita za mwanzo usilivute gari kwa mzigo mzito, usikanyage mafuta hadi mwisho, wala usiendeshe kwa kasi ile ile kwa muda mrefu. Vilevile usiiache injini ikiunguruma uani saa nzima ukidhani unaipumzisha. Oili na chujio vibadilishwe mapema. Kilomita 800 ni kipimo kizuri. Katika sevisi hiyo ya kwanza fundi apime tena mwanya wa valvu, ambao kwa injini ya petroli ya Land Rover ya lita 2.25 ni inchi 0.010, yaani milimita 0.25. Bolti za silinda hedi nazo zikaguliwe kwa kipimo cha mtengenezaji. Weka sevisi hiyo ndani ya bei ya awali.

Mlima una masharti yake pia. Katika kimo cha mita 1,400 msukumo wa hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko ufukweni. Kabureta iliyorekebishwa Tanga huimwagia injini petroli nyingi kuliko hewa inayopatikana Lushoto. Plagi huwa nyeusi, na nguvu hupungua. Maji nayo huchemka karibu nyuzi 95 badala ya 100. Mfuniko wa rejeta usioshika vizuri huweza kulifanya gari lichemshe mlimani hata kama rejeta yenyewe ni mpya. Kabla ya kumlaumu fundi, au kumlipa kwa kazi nyingine kubwa, mwombe akague mambo haya mawili.

Nyaraka zilingane na gari

Gari lisiloendeshwa kwa miaka kadhaa hurudi barabarani likiwa na historia ya karatasi pia. Linganisha namba ya chasisi na ya injini na zile zilizomo katika kadi ya usajili. Ikiwa injini imebadilishwa, au rangi ya bodi si ile iliyosajiliwa, wasiliana na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), ambayo ndiyo msajili wa magari, ili taarifa zirekebishwe. Tunza hati ya ununuzi wa injini, kwani utaulizwa imetoka wapi. Kama gari bado lina jina la marehemu au la mmiliki wa awali, uhamisho wa umiliki ufanywe kwanza. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa katika bajeti ya mwaka 2017/18, lakini kufutwa huko hakukuondoa wajibu wa usajili, bima wala usalama wa chombo.

Bima dhidi ya madhara kwa watu wengine ni ya lazima kisheria kwa kila gari linalotumia barabara ya umma. Nalo jaribio la fundi kuelekea Magamba ni matumizi ya barabara ya umma. Kwa hiyo bima ianze kabla ya majaribio, na umuulize wakala kama inamhusu fundi atakayeendesha kwa idhini yako. Ukitaka bima kubwa, kubalianeni kwa maandishi kuhusu thamani ya gari, na uambatishe picha na risiti za matengenezo. Vinginevyo, gari ulilolifufua kwa mamilioni linaweza kuthaminiwa kwa umri wake tu siku ya ajali.

Mwisho, omba ukaguzi wa gari kwa askari wa Usalama Barabarani wenye jukumu hilo. Ukaguzi huo haupunguzi wajibu wa fundi. Ni jicho la pili lisilo na maslahi katika malipo.

Kasoro ikijitokeza

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji katika biashara, nayo Sheria ya Mauziano ya Bidhaa inamtaka muuzaji atoe bidhaa inayofaa kwa matumizi aliyoelezwa. Ili haki hizo zikufae, fuata mpangilio huu:

1. Acha kuendesha gari, hasa ikiwa kasoro ni ya breki au usukani. Kuendelea kuliendesha huhatarisha watu na hudhoofisha madai yako.
2. Piga picha, andika tarehe na usomaji wa kilomita.
3. Mjulishe fundi kwa maandishi na umpe nafasi ya kurekebisha ndani ya muda mliokubaliana. Usilipeleke gereji nyingine kabla ya hapo, maana fundi wa kwanza atasema kasoro imeletwa na wa pili.
4. Mkitofautiana kuhusu chanzo, tafuteni fundi wa tatu mnayemkubali nyote wawili, atoe maoni kwa maandishi.
5. Kipuri kikishukiwa kuwa bandia, kihifadhi pamoja na kasha na risiti yake, kisha utoe taarifa Tume ya Ushindani (FCC). Kwa madai ya fedha yasiyopatiwa suluhu, mahakama iko wazi.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini sehemu ya malipo itakayobakizwa ni lazima ikubaliwe kabla ya kazi kuanza?
2. Gari limepanda hadi Magamba bila kuchemsha. Ni jambo gani bado halijathibitishwa?
3. Ulipofika Soni ulikuta gurudumu moja la mbele ni baridi na la pili ni la moto. Utafanya nini?
4. Risiti yako ya vipuri inaonesha silinda ngapi za breki, na gari lako lina ngapi?

Swali la nne lijibiwe ukiwa na risiti mkononi, umesimama kando ya gari, kabla ya kupokea ufunguo.